«Ho rotto il boiler»: uchambuzi wa kisa cha boila iliyozimika Perugia

Ijumaa moja ya Januari, saa moja na dakika kumi usiku, mwanafunzi wa Kitanzania aliyepanga chumba katika mji mkongwe wa Perugia, katikati ya Italia, alimwandikia mwenye nyumba wake kwa WhatsApp: «Ciao signora, ho rotto il boiler. Acqua fredda e freddo in casa. Per favore aiuto.» Alikusudia kusema kwamba boila imemharibikia, maji ni ya baridi, nyumba imepoa, anaomba msaada. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisoma kitu kingine: «Mambo mama, nimelivunja tangi la maji moto.» Alijibu baada ya dakika mbili: «Come ha fatto? Che cosa ha toccato?» Umefanyaje? Umegusa nini?

Kuanzia hapo hadi fundi alipoingia mlangoni zilipita siku nne. Mwanafunzi na mwenye nyumba ni wa mfano, lakini makosa ni ya kweli kabisa: ni yale ambayo Kiswahili chenyewe hutusukumia pale tunapolazimika kuripoti hitilafu kwa Kiitaliano. Tunakichambua kisa hiki hatua kwa hatua kwa sababu kila neno lililokosewa lilikuwa na gharama yake, na moja nusura limlipishe mwanafunzi ankara isiyo yake.

Nani aliivunja?

Kosa kubwa ni «ho rotto». Mswahili anafikiri «nimeharibikiwa na boila», anaona sentensi inaanza na «ni-» na «-me-», anatafuta nafsi ya kwanza ya wakati uliopita na kuikuta: «ho rotto». Lakini «ho rotto» maana yake ni «nimevunja», kwa mkono wangu. Kiitaliano kina njia mbili za kusema tunachokusudia, na zote mbili Mswahili anazielewa upesi akionyeshwa zinavyofanana na zake.

Ya kwanza: «si è rotta la caldaia». Hicho «si» kinafanya kazi ile ile ya kiambishi chetu -ik- katika vunjika, haribika, chanika. Kitu kimepatwa na jambo, mtendaji hatajwi. Ya pili: «mi si è rotta la caldaia», boila imeniharibikia. Hapo «mi» ni «-ni-» yetu ya kuhusika: mimi ndiye niliyeathirika, siye niliyetenda. Kariri jozi hizi kama unavyokariri nambari yako ya simu: «ho rotto il vetro», nimevunja kioo, «si è rotto il vetro», kioo kimevunjika. Ukiwa umevunja kweli, sema «ho rotto», ndivyo uungwana unavyotaka. Usiseme hivyo kwa bahati mbaya.

Kosa la pili ni «boiler». Neno limeingia katika Kiitaliano likabadilika maana: «il boiler» kwa Mwitaliano ni lile tangi la umeme la kupashia maji ya kuoga, ambalo jina lake lingine ni «lo scaldabagno». Mtambo wa gesi uliotundikwa ukutani jikoni, unaopasha maji ya bomba na pia kuzungusha maji moto katika vipasha joto vya vyumbani, unaitwa «la caldaia». Vipasha joto vyenyewe ni «i termosifoni», na mfumo mzima ni «il riscaldamento». Mwenye nyumba wetu alipoteza nusu saa akijiuliza ni tangi lipi, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na tangi.

Tukiwa hapo hapo, tahadhari juu ya «caldo». Aliyezoea Kiingereza hudhani linahusu baridi. Ni kinyume: «caldo, calda» ni moto, «freddo, fredda» ni baridi. Kwenye bomba za Italia herufi C ni ya maji ya moto na F ni ya baridi. Sentensi ya kuripoti ni «non c'è acqua calda», hakuna maji ya moto. Ukisema «l'acqua è calda» umemwambia mwenye nyumba kwamba mambo ni mazuri.

Salamu nayo ilichangia. «Ciao signora» ni mseto usiokaa vizuri, kama mtu amwambie mama wa rika la mamaye «Mambo, mama» badala ya shikamoo. Anza na «Buongiorno signora», na kuanzia alasiri «Buonasera». Mwite kwa «Lei», nafsi ya heshima inayotumia kitenzi cha nafsi ya tatu, «può», «potrebbe», na kiwakilishi «Le», kama katika «Le scrivo», nakuandikia. Mkishazoeana, yeye mkubwa ndiye hupendekeza kuachana na Lei, kwa kusema «diamoci del tu». Na tofauti kati ya «voglio» na «vorrei» Mtanzania haihitaji kufundishwa: ni ile ya «nataka» na «naomba». Tatizo letu hukaa upande wa pili, kwenye unyenyekevu uliozidi. «Scusi il disturbo, se può, quando ha tempo, per favore» inasikika vizuri masikioni mwetu, lakini msomaji anaona mtu asiye na haraka. Samahani moja inatosha. Haraka ionyeshwe kwa saa na tarehe.

Jumamosi: saa sita na nusu ipi?

Asubuhi mwenye nyumba alipiga simu. Aliuliza mtambo umezimika lini. Ulikuwa umezimika saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani 18:30, dakika arobaini kabla ya ule ujumbe. Mwanafunzi alihesabu kwa Kiswahili kichwani na kusema kwa Kiitaliano: «ieri, alle dodici e mezza». Mama wa watu alisikia saa sita na nusu mchana. Basi akauliza kwa sauti iliyopanda: kwa nini umesubiri hadi usiku kunijulisha?

Kwa hitilafu, tumia mfumo wa saa ishirini na nne, «alle diciotto e trenta», na uiandike saa hiyo, usiiseme tu. Kwa muda uliopita tumia «da» pamoja na kitenzi cha wakati uliopo, kama tunavyotumia «tangu»: «la caldaia è ferma da ieri sera», «non abbiamo acqua calda da due giorni». Usichanganye na «fra due giorni», ambayo ni baada ya siku mbili zijazo.

Kisha likaja agizo: «Guardi la pressione. Se è bassa, apra il rubinetto di carico.» Tazama presha, ikiwa chini, fungua koki ya kujazia. Mwanafunzi alielewa «pressione» tu, akajibu «sì, sì». Ile «ndiyo, ndiyo» ya adabu, ya kutomkatisha mkubwa, ndiyo iliyopoteza Jumamosi nzima, kwa sababu mwenye nyumba alikata simu akiamini kazi inafanyika. Sentensi za kuokoa hali kama hiyo ni fupi: «Non ho capito», sijaelewa. «Può ripetere più piano?» Unaweza kurudia taratibu? «Aspetti, vado davanti alla caldaia», subiri niende mbele ya mtambo. Na iliyo bora kuliko zote: «Me lo può scrivere?» Niandikie. Jina la kifaa likishaandikwa, unaweza kupiga picha ya unachokiona na kuuliza «Intende questo?» Unamaanisha hiki?

Jambo lenyewe si gumu. Katika mtambo mzima presha ya maji yanayozunguka hupimwa na geji ndogo, «il manometro». Mfumo ukiwa baridi, sindano inatakiwa iwe kati ya 1 na 1.5 bar. Ikishuka sana mtambo hujizuia kuwaka kwa ajili ya usalama, na hali hiyo ina jina lake: «la caldaia è in blocco». Kujaza hufanywa mtambo ukiwa umezimwa na umepoa. Chini yake, katikati ya mabomba, mna koki ndogo. Unaizungusha polepole, unaitazama sindano, ikifika 1.2 au 1.5 unaifunga barabara, kisha unabonyeza kitufe cha «reset». Anayesahau kuifunga ataona sindano ikipanda hadi 3 bar, na hapo vali ya usalama hufunguka na maji kumwagika chini. Kubonyeza reset mara moja au mbili kunatosha. Ikikataa, acha, mtambo una sababu ya kukataa.

Usiku wa Jumamosi baridi ilizidi. Wapangaji watatu walichomeka hita mbili za umeme za wati 2,000 kila moja, na nyumba ikaingia giza. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3, na mita huvumilia asilimia 10 zaidi, yaani 3.3. Hita mbili ni 4. Hapa neno ni «è saltata la corrente», umeme umekatika kwetu. Fundi atauliza kilichojikata ni kipi: «il contatore», yaani mita, hujikata kwa sababu ya mzigo kupita kiasi, «il salvavita», swichi ya usalama iliyo ndani ya nyumba, hujikata umeme unapovuja mahali. La kwanza unalimaliza mwenyewe kwa kuchomoa hita moja na kurudisha swichi ya mita. La pili, likijirudia kila ukirudisha, sema «il salvavita scatta continuamente» na uombe «un elettricista».

Kwa nini presha ilishuka tena

Jumapili mchana mpangaji mwenzake, Mwitaliano, alirudi kutoka kwao, akaijaza maji hadi 1.3, mtambo ukawaka. Jioni sindano ilikaribia 3 na matone yakaanza kudondoka chini ya mtambo. Alfajiri ya Jumatatu: 0.4 bar, kila kitu baridi. Mwenye nyumba alipoambiwa «non funziona» alijibu kwa mshangao: «Ma ieri funzionava!» Si jana ilikuwa inafanya kazi?

Alikuwa na haki ya kushangaa, kwa kuwa «non funziona» haimwambii mtu chochote. Kiswahili kinaturuhusu kusema «mbovu» au «imeharibika» kwa karibu kila kitu, na fundi wetu huja akaangalia mwenyewe. Mwitaliano anategemea kitenzi kimweleze aite fundi gani na aje na kifaa kipi. «Non si accende» ni haiwaki kabisa. «Si spegne» ni inawaka kisha inazimika. «Perde» ni inavuja: «il rubinetto perde», bomba linavuja. «Gocciola» ni inadondosha matone. «È intasato» ni imeziba, kwa sinki au choo. «È bloccata» ni imekwama, kwa kitasa au dirisha. «Fa rumore» ni inapiga kelele. Hayo saba yanabeba sehemu kubwa ya matatizo ya nyumba.

Katika kisa hiki lililokuwa la thamani kuliko yote ni mwendo wa sindano. Maji yakipata moto hutanuka. Mfumo umefungwa, kwa hiyo ndani ya mtambo kuna kitangi kidogo chenye utando wa mpira na hewa nyuma yake, «il vaso di espansione», kinachopokea maji ya ziada. Utando ukitoboka au hewa ikiisha, maji ya ziada hukosa pa kwenda. Presha hupanda hadi 3, vali ya usalama hutema maji, na mfumo ukipoa unakuta maji yamepungua. Sindano inarudi chini kuliko ilipoanzia. Ukijaza tena, mzunguko ni ule ule. Fundi anayejua kazi yake, akisikia sindano inapanda hadi 3 kwenye joto na kushuka chini ya nusu kwenye baridi, anakuja na kifaa hicho garini. Asiyeambiwa atakuja, atajaza maji, atadai «l'uscita», yaani malipo ya kuitwa, na baada ya siku moja ataitwa tena.

Ujumbe ambao ungefaa siku ya Jumatatu ni huu:

«Buongiorno signora, sono l'inquilina dell'interno 5, secondo piano. Le segnalo che la caldaia è di nuovo in blocco da stamattina alle 6:00. Ieri abbiamo riportato la pressione a 1,3 bar. Con il riscaldamento acceso è salita quasi a 3 e sotto la caldaia gocciolava acqua. Stamattina il manometro segna 0,4. I termosifoni sono freddi e non c'è acqua calda. Non sentiamo odore di gas. Le allego due foto. Potrebbe mandare un tecnico entro domani alle 12:00? Siamo in casa tutto il giorno.»

Kwa ufupi: boila imejizuia tena tangu saa kumi na mbili asubuhi, jana presha ilipanda karibu na 3 na leo ni 0.4, hakuna joto wala maji ya moto, harufu ya gesi haipo, tafadhali tuma fundi kabla ya saa sita mchana kesho. Tuuchambue kidogo. «Le segnalo» ni nakuarifu. Halina ugomvi wa «mi lamento», nalalamika, na bado ni la kiofisi kiasi cha kuweza kuonyeshwa baadaye mbele ya mtu mwingine. «Interno 5» ni nambari ya mlango ndani ya jengo. Na «secondo piano» inahesabiwa bila ghorofa ya chini, ambayo ni «piano terra». «Siamo in casa tutto il giorno» huondoa kisingizio cha kukosa mtu wa kufungua, lakini mwambie pia fundi jina la ukoo lililo kwenye «il citofono», kengele ya mlango wa jengo, kwa sababu ataligonga hilo tu. Na «entro domani alle 12:00» ina mwisho unaoonekana. Ukiuliza utajibiwa mara nyingi «quanto prima», mapema iwezekanavyo, ambayo haina tarehe. Iandamishe kwa upole: «Mi può dire entro quando?» Jibu likiwa «in giornata», maana yake ni leo kabla siku haijaisha.

Sentensi «Non sentiamo odore di gas» haikuwekwa kwa mapambo. Kama harufu ingekuwapo, ujumbe huu usingeandikwa. Madirisha yangefunguliwa, koki ya gesi kufungwa, hakuna swichi kuguswa wala simu kupigwa ndani. Wote nje, kisha 112 au 115 ya zimamoto, na sentensi moja: «C'è odore di gas in casa», ikifuatiwa na anwani. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, kwa hiyo hapo hutegemei pua. Watu wawili nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kizunguzungu wakati boila au jiko linawaka, toka nao nje na useme «Abbiamo mal di testa e ci gira la testa, abbiamo la caldaia a gas». Hili halisubiri mwenye nyumba.

Jengo likiwa na mfumo wa pamoja, «riscaldamento centralizzato», anayepokea ripoti ni «l'amministratore di condominio», msimamizi wa jengo, ingawa mwenye nyumba ajulishwe pia. Na kabla ya kuripoti huko, jua ratiba. Perugia iko katika ukanda E wa hali ya hewa, ambamo sheria ya kawaida huruhusu kupasha joto kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 15 Aprili, kwa muda usiozidi saa 14 kwa siku, na nyumbani joto lisizidi nyuzi 20, na uvumilivu wa 2 juu yake. Roma iko ukanda D, kuanzia tarehe 1 Novemba, saa 12. Kipasha joto kilichopoa saa nane za usiku katika jengo la namna hiyo huenda hakina ubovu wowote.

Ankara

Jumanne fundi alikuja, akabadilisha kile kitangi, akaandika karatasi yake, akaondoka. Jumatano mwenye nyumba alimtumia mwanafunzi picha ya ankara na neno moja lililotoka kwenye ujumbe wa Ijumaa: «Lei ha scritto "ho rotto"». Wewe uliandika umevunja.

Hapa lugha inakutana na sheria, na ndipo umuhimu wa kile kiambishi kidogo «si» unapoonekana. Katika mkataba mwenye nyumba anaitwa «il locatore» na mpangaji «il conduttore». Kanuni ya Madai ya Italia, kifungu cha 1576, inamtaka mwenye nyumba afanye matengenezo yote ya lazima isipokuwa yale madogo, ambayo ni ya mpangaji. Kifungu cha 1609 kinaeleza madogo ni yapi: yanayotokana na matumizi, «prodotti dall'uso», wala si yanayotokana na uchakavu wa umri au ajali isiyo ya mtu, «vetustà» na «caso fortuito». Mikataba ya wanafunzi, ile ya miezi 6 hadi 36, hufuata jedwali la kitaifa linaloweka herufi L au C mbele ya kila gharama: matengenezo ya kawaida ya mfumo wa joto ndani ya nyumba ni C, ya mpangaji; matengenezo makubwa, «manutenzione straordinaria», ni L. Huduma ya kawaida ya boila na ukaguzi wake wa kila kipindi humwangukia anayeishi humo, kwa hiyo siku ya kuingia omba uone «il libretto dell'impianto», kitabu cha mtambo, ujue mara ya mwisho ilikuwa lini. Kitangi kilichotoboka kwa uzee ni jambo jingine. Kinamhusu mwenye nyumba.

Ndiyo maana fundi aombwe, kabla hajafunga sanduku lake: «Può scrivere nel rapporto la causa del guasto?» Andika chanzo cha hitilafu katika ripoti. Na asiandike «sostituito pezzo» tu, yaani amebadilisha kifaa. Anachotakiwa kuandika, kama ndicho alichokiona, ni mfano «vaso di espansione con membrana forata per vetustà», kitangi chenye utando uliotoboka kwa uzee. Mwanafunzi wetu alikuwa na bahati: mpangaji mwenzake aliuliza swali hilo.

Jibu kwa mwenye nyumba lilikuwa la sentensi mbili, bila hasira: «Mi sono espressa male: volevo dire che la caldaia si è rotta da sola. Nel rapporto il tecnico scrive che il vaso di espansione era forato per vetustà, quindi la spesa è a carico del locatore.» Nilijieleza vibaya, nilitaka kusema boila imeharibika yenyewe, fundi ameandika chanzo ni uchakavu, kwa hiyo gharama ni ya mwenye nyumba. Mwanamume ataandika «mi sono espresso». Kukiri kosa la lugha hakumpunguzii mtu kitu, na hapa kulimpa mwenye nyumba njia ya kurudi nyuma bila kuaibika. Akalipa.

Kama asingejibu kabisa

Tuseme Jumatatu ingepita kimya. Kifungu cha 1577 kinampa mpangaji wajibu na haki kwa pamoja: wajibu wa kumjulisha mwenye nyumba kuhusu matengenezo yasiyo ya mpangaji, na haki ya kuyafanya mwenyewe yakiwa ya dharura, kisha adai kurejeshewa, mradi amjulishe wakati huo huo. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kuanzia, lakini hatua inayofuata ni barua ya rejesta yenye hati ya mapokezi. Posta unasema: «Vorrei spedire una raccomandata con ricevuta di ritorno.» Moyo wa barua ni huu:

«Oggetto: segnalazione guasto caldaia e richiesta di intervento urgente. Con la presente, ai sensi dell'art. 1577 c.c., Le comunico che dal 17 gennaio l'appartamento è privo di riscaldamento e di acqua calda. La invito a provvedere alla riparazione entro tre giorni dal ricevimento. In mancanza, farò eseguire i lavori con riserva di chiedere il rimborso delle spese.»

Yaani: nyumba haina joto wala maji ya moto, itengenezwe ndani ya siku tatu tangu kupokea barua, la sivyo nitaitengenezesha mwenyewe na kudai nirudishiwe gharama. Tarehe ni ya mfano, weka yako. «Privo di» ni isiyo na. «In mancanza» ni usipofanya hivyo. Kabla ya kumwita fundi kwa pesa yako omba «un preventivo scritto», makadirio ya maandishi, na uliza «Quanto costa l'uscita nei giorni festivi?», kwa sababu wito wa Jumapili huwa ghali zaidi. Matengenezo yakiendelea zaidi ya sehemu ya sita ya muda wa mkataba, na kwa vyovyote yakizidi siku 20, kifungu cha 1584 kinampa mpangaji haki ya kupunguziwa kodi.

Kinachowaponza wengi ni kujikatia kodi wenyewe. Ni rahisi kuwaza kwamba nyumba bila joto hailipiwi, lakini kodi ya nyumba ya kuishi ikichelewa siku 20 baada ya tarehe yake, mwenye nyumba anaweza kuomba mkataba uvunjwe, na mwenye haki anageuka kuwa mdaiwa. Lipa, kisha dai. Vyama vya wapangaji kama SUNIA, SICET na UNIAT vina ofisi katika miji mingi ya Italia na husaidia kuandika barua kama hii. Mlangoni sema «Vorrei una consulenza su un guasto in casa, sono in affitto con contratto per studenti», ukiwa na mkataba, picha zenye tarehe na ujumbe wote uliotumwa.

Ile karatasi ya fundi isitupwe. Ikae pamoja na mkataba hadi siku ya kurudisha ufunguo, wakati amana, «la cauzione», ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, inapohesabiwa. Siku hiyo huandikwa «il verbale di riconsegna», hati ya makabidhiano. Kabla hujaisaini, omba iongezwe sentensi hii: «La caldaia è funzionante, il vaso di espansione è stato sostituito a spese del locatore.» Boila inafanya kazi, kitangi kimebadilishwa kwa gharama ya mwenye nyumba.